Mwenzangu Aliyerukiwa na Kostiki

Kiwandani,
7 Februari 1988

Dada yangu mpenzi,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na uongozi mzima wa chumba hiki, yaani mimi na kitanda, natangaza rasmi kwamba kuanzia Jumatatu iliyopita mdogo wako ni mtu wa mabuti. Ni meusi, ya mpira, yanafika chini kidogo ya goti, na kila nikipiga hatua yanatoa sauti kama bata anayenung'unika. Tafadhali wajulishe ndugu, jamaa, na wale wote waliowahi kusema sitafika popote.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Mimi mzima, hofu ni kwenu. Goti la Mama linasemaje? Shemeji bado anakoroma, au mmemhamishia sebuleni? Watoto wasalimie, waambie mjomba wao amepanda cheo na hasalimii ovyo siku hizi.

Sasa mabuti. Nimepewa kwa sababu Mzee Povu, fundi aliyekuwa akichanganya sabuni hapa tangu kiwanda kinaanza, mgongo umemkatalia, wamemhamishia kwenye maboksi. Nafasi yake nimeikalia mimi. Naitwa msimamizi wa kuchanganya. Nasimamia mapipa, mwiko mrefu kuliko mimi, na vijana wawili ambao hawanisikilizi.

Usidhani ni kazi ya mchezo. Sabuni ni mafuta na kostiki, basi. Mafuta unayajua. Kostiki inakuja kwenye mifuko minene, magamba meupe membamba, ukiyaona utasema ni kitu cha kupambia keki. Ukiuacha mfuko wazi, magamba yanaanza kutoa jasho, maana yananyonya unyevu wa hewani. Ukiyatia majini, maji yanachemka bila moto, na pipa likiguswa linaunguza. Ngozi ikipata, mwanzoni husikii maumivu, unasikia utelezi tu, kama umeshika kipande cha sabuni. Mzee Povu anasema huo utelezi ni wewe mwenyewe, ndiyo unageuka sabuni. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kabla hajakabidhi alinipa masharti yake. Suruali inakaa nje ya buti, haichomekwi ndani, ili kikimwagika kitu kisiteremke mguuni kikakaa humo kama mpangaji. Kostiki haiwekwi kwenye sufuria ya alumini, inaila ikitoa mapovu mpaka tundu. Haiwekwi kwenye chupa ya soda, kwa sababu duniani kuna watu wenye kiu. Na lile sharti kubwa: pipani yanatangulia maji, kostiki inafuata, kidogo kidogo, huku unakoroga.

"Nikigeuza je?" nikamuuliza.

"Ukigeuza, pipa litakutemea usoni."

Mwisho akanionyesha kuonja. Sabuni ikishakauka unaigusa kwa ncha ya ulimi. Ikikuchoma, kostiki imebaki, haijaiva. Nimegusa. Siku ile chakula cha jioni nilikula kwa kukumbuka tu kilivyo.

Miwani ya kazi nimepewa pia. Mvuke unaitia ukungu sioni kitu, kwa hiyo muda mwingi naivaa kwenye paji la uso. Inanipendeza.

Mdogo wako,
Msimamizi


Nyumbani,
1 Machi 1988

Kwako Bwana Msimamizi,

Salamu nyingi kutoka kwa wote uliowataja na wengine uliowasahau. Tangazo limepokelewa. Nililisoma kwa sauti mbele ya Mama, Shemeji yako na mteja aliyekuja kupimwa gauni. Mteja akauliza kama mabuti hayo ni ya harusi. Mama akasema huyu hata mabuti yakimwoa itakuwa heri.

Goti lake linabadilika na hali ya hewa. Shemeji yako hakoromi tena, sasa ananguruma. Amenunua baiskeli isiyo na breki, anasema alipunguziwa bei, na mimi nasema alipunguziwa breki. Mtoto wa pili amekuwa wa tatu darasani. Mwaka jana alikuwa wa tatu pia, lakini kutoka mwisho.

Sasa nisikilize, kitindamimba wewe. Hilo paji la uso linalindwa dhidi ya nini, na kwa nini? Mimi tangu nizaliwe sijasikia mtu aliyepofuka paji la uso. Ukungu ukiingia, toka nje, ifute, urudi. Sabuni itakungoja, haina miguu.

Na uache kulamba sabuni. Ulimi wako una kazi nyingine, hasa ya kutudanganya.

Nimebandika hapa vipande viwili vya kitambaa. Mama anataka gauni na amekataa kuchagua, anasema utachagua wewe kwa sababu una cheo.

Dada yako


Kiwandani,
28 Machi 1988

Dada,

Salamu kwa wote. Mimi mzima, na mabuti pia. Mchukulie Mama kile cha kijani chenye vitone. Kile cha kahawia kitamfanya afanane na kochi la Shemeji, na siku moja atakaliwa.

Ukungu wa miwani niachie mimi. Tatizo letu hapa ni maji. Asubuhi bomba linakohoa, linatema kutu, linanyamaza. Na Meneja anataka pipa la kwanza liwe tayari kabla hajamaliza chai yake. Tufanyeje? Tumebuni. Tunatanguliza kostiki pipani, tunatumbukiza mpira wa maji juu yake, tunakaa. Bomba likiamka linakuta kazi imeshaanza. Maji yanaingia kwa kusuasua, kostiki inanung'unika kidogo, unakoroga, mambo yanakwenda. Meneja amenisifu mbele ya watu. Alisema, "Huyu ana akili ya kiwanda."

Mzee Povu alipita na boksi lake begani. Akasimama, akachungulia.

"Mmegeuza," akasema.

"Mzee, tunangoja maji."

"Na ninyi mnangojwa."

Akaenda zake. Wazee hawa, wakihamishwa kitengo wanakuwa washairi.

Halafu kuna jambo la fahari. Tumepata bafu la dharura! Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kukagua, basi ndani ya wiki moja likasimama kando ya mapipa bomba refu lenye kichwa kama ua la alizeti, na mnyororo wa kuvuta. Mtu akimwagikiwa, anakimbilia chini yake, anavuta, anaoga na nguo zake. Limepakwa rangi ya kijani, linang'aa kuliko kitu chochote hapa. Wageni wakapiga makofi. Mmoja wao, mwembamba, mwenye maswali, akauliza, "Linafanya kazi?"

Meneja akamjibu, "Bado hatujapata ajali."

Wakaandika, wakanywa soda, wakaondoka.

Mdogo wako


Nyumbani,
16 Aprili 1988

Mdogo wangu,

Wote wazima. Gauni nimeshalikata, limebaki mikono na kola. Baiskeli imempeleka Shemeji yako mpaka ndani ya duka la jirani bila yeye kukusudia. Hakuumia, ila anaogopa kupita pale.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyostahili. Mimi sabuni sijui inapikwaje, lakini mafuta ya moto nayajua. Mafuta mengi, tone la maji: hiyo kelele yake unaikumbuka, na kovu la mkono wangu unalikumbuka. Sasa wewe umekaa na pipa zima la kitu kinachochemsha maji bila moto, halafu unangojea maji kidogo kidogo yakidondokee juu. Na hiyo unaiita akili ya kiwanda.

Nina swali moja. Hilo bafu la kijani maji yake yanatoka wapi? Kama ni bomba hilo hilo linalokohoa, basi fikiri vizuri. Siku yenye maji hamgeuzi utaratibu, kwa hiyo bafu hamlihitaji. Siku mtakayolihitaji ni ile ambayo hakuna maji.

Nijibu hilo tu. Habari nyingine zitangoja.

Dada yako


Nyumbani,
29 Mei 1988

Mdogo wangu,

Hujajibu. Mama amevaa gauni kanisani, kwa majirani na sokoni, kila mahali, ili mtu amuulize nani alichagua rangi. Wewe ndiye huulizi.

Kama umehama, sema. Kama umeoa, sema pia, tutavumilia.

Dada yako


Kiwandani,
19 Juni 1988

Dada mpenzi,

Salamu. Usishangae mwandiko, kalamu ni mbovu na meza imelegea mguu. Nimekawia kwa sababu ya kazi. Nafurahi gauni limependwa.

Habari za hapa siyo nyingi. Kuna mwenzangu mmoja, humjui, alirukiwa na kostiki mwezi uliopita. Nakusimulia kwa sababu uliuliza habari za bafu.

Asubuhi ile maji yalichelewa kuliko siku zote. Kostiki ilikuwa imeshatangulia pipani, nyingi, ikakaa ikitoa jasho mpaka ikashikana kama jiwe. Mara bomba likaamka, likatema fundo moja kubwa la maji, likanyamaza tena. Mwenzangu akainama kuona kama yale magamba yanayeyuka. Miwani alikuwa nayo, ila siyo machoni. Pipa likanguruma chini kwa chini kama tumbo la mtu mwenye njaa, halafu likatema. Aliwahi kugeuza uso, kwa hiyo ilimpata upande mmoja tu. Mwanzo hakuna maumivu, ni utelezi. Halafu ukifumba macho huoni giza, unaona weupe, weupe mtupu kama shuka lililoanikwa juani, na hauondoki hata ukifumba zaidi.

Wakamkokota mpaka kwenye bafu la kijani. Wakavuta mnyororo. Likatoa pumzi.

Mmoja akapiga kelele, "Leteni siki! Siki inaua kostiki!" Mwingine akasema maziwa. Wakaanza kubishana pale pale, siki au maziwa, kama watu wanaoandaa kachumbari. Mama Chai, yule mwanamke anayetuuzia chai, hakuwa na maoni. Alikuja na ndoo, akamkamata mwenzangu kichwa kama anaogesha mtoto mtundu, akaanza kummiminia maji yake ya kunywa. Ndoo juu ya ndoo.

"Fungua jicho! Fungua! Usinifumbie mimi!"

"Yanauma!"

"Yaume! Fungua!"

Hakuacha mpaka pipa lake la maji likakauka. Baadaye mhudumu wa zahanati alisema siki ingemuunguza mara ya pili, na kwamba dawa ni maji tu, mengi, kwa muda mrefu kuliko mtu anavyodhani, na ya Mama Chai hayakutosha lakini ndiyo yaliyokuwepo.

Saa ya chai Meneja akatoka ofisini na kikombe chake.

"Maji ya chai yako wapi?"

"Yamemwosha mtu, Bosi."

"Yote?"

"Mtu mwenyewe mkubwa."

Mwenzangu anaendelea vizuri. Mama asisumbuliwe na habari za watu asiowajua.

Mdogo wako


Nyumbani,
8 Julai 1988

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa Mama na wote. Mtoto wa kwanza ameota ndevu tatu, anazihesabu kila asubuhi.

Mpe pole mwenzako. Umesimulia vizuri sana. Umenieleza mpaka alichokiona alipofumba macho. Lazima mnapendana.

Nina muuguzi anayeshonesha sare kwangu. Nilimpa habari nikiwa nimeshika utepe kiunoni mwake, ili asiweze kuondoka. Nikamwambia ni mwenzake mdogo wangu, hata mimi simjui. Akaniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema, umfikishie mwenyewe. Kostiki siyo kama moto. Moto ukiuzima umezimika. Kostiki ikiingia jichoni inaendelea kuzama ndani hata kama juu panaonekana pametulia. Akauliza kama huyo mtu ameonwa na daktari wa macho, siyo zahanati. Nikasema sijui, ndiyo naandika kuuliza. Akasema, "Unaandika? Kwa posta?" Akanitazama mpaka nikakosea kipimo.

Basi naulizia. Ameonwa?

Mistari yako siku hizi inapanda mlima kuelekea kulia. Mguu wa meza uwekee kibao.

Dada yako


Kiwandani,
2 Agosti 1988

Dada,

Salamu kwa wote, na hongera kwa ndevu.

Barua yako ilikaa posta, nimeipata juzi. Nimemfikishia mwenzangu. Anashukuru. Anasema jicho halimuumi tena kama mwanzo, ila anaona kama kupitia kioo cha bafuni chenye mvuke. Amezoea. Juzi alimimina chai pembeni ya kikombe kwa ustadi mkubwa, meza nzima ikapata.

Kuhusu daktari wa macho, hali yake ni hii. Hospitali ya macho iko mji wa pili. Kwenda kunahitaji ruhusa ya Meneja. Meneja atauliza kwa nini. Akiambiwa jicho, atamtoa kwenye mapipa, atampeleka kwenye maboksi akabebe pamoja na Mzee Povu. Meneja mpaka leo anajua uso tu ndio uliochubuka. Na mwenzangu cheo chake amekipata mwaka huu huu, hata hajakizoea. Nyumbani kwao walikitangaza.

Kwa upande mwingine mambo yamekuwa mazuri. Tumejengewa tangi la akiba juu ya paa, bafu la kijani limeunganishwa nalo, kila Jumatatu tunavuta mnyororo kuona kama linatoa maji, na linatoa. Kostiki hairuhusiwi kutangulia tena. Miwani imeletwa ya aina nyingine yenye vitundu pembeni, haishiki ukungu. Kwa hiyo unaona, mwenzangu hakuumia bure.

Mdogo wako


Nyumbani,
17 Agosti 1988

Mdogo wangu,

Naanza na Mama. Nilikuwa nasoma barua yako kwa sauti, na nilipofika kwa huyo mwenzako nikaanza kuruka mistari. Mama hajui kusoma lakini anajua mtu akiruka. Akanisimamisha.

"Huyo mwenzake ana ndugu?"

Nikasema anaye dada.

"Sasa huyo dada anangoja nini?"

Niliendelea kupinda kola ambayo ilikuwa imeshapindwa.

Mwambie mwenzako kwamba tangazo la mabuti hapa kwetu halikumfurahisha mtu kwa ajili ya mabuti. Mwambie maboksi hayarushi kitu usoni. Na mwambie kwamba nimekata tiketi ya basi. Jumamosi ya pili ya Septemba nitakuwa mlangoni kwake, nimebeba mkasi, na tutakwenda kwa daktari wote watatu: mimi, wewe na yeye.

Kama anataka kunizuia, njia ni moja. Atangulie.

Dada yako


Mji wa pili, hospitalini,
7 Septemba 1988

Dada,

Shikamoo. Mama naye mwambie shikamoo. Rudisha tiketi kama wanapokea. Nimetangulia.

Jumatatu niliingia ofisini kwa Meneja. Nikamwambia jicho la kushoto limekuwa likififia tangu siku ile ya pipa, na sasa halioni kitu.

"Mbona unachanganya vizuri tu?" akasema.

"Nachanganya kwa kulia."

Akaniandikia ruhusa, akaniambia nikirudi nianzie maboksi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kujitetea, nikatoka nayo yote. Mzee Povu alikuwa nje. Alinitazama, akasogeza maboksi yake upande mmoja, akaniachia nafasi ukutani. Ndiyo sherehe niliyofanyiwa.

Hapa tumekaa kwenye benchi refu, watu wa macho ya kila aina. Mzee wa jirani yangu amefungwa yote mawili, na bado aliniambia shati langu limechakaa. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Nimelisikia likichanika ulipokaa." Tulicheka mpaka muuguzi akatukemea. Nilikuwa nimesahau kucheka kunavyokuwa.

Daktari ni mwanamke wa makamo, ana sauti ndogo na taa ndogo. Aliangalia la kulia kwanza, akasema hilo ni zima, nilitunze. Halafu akaja kushoto. Akakaa muda mrefu. La kulia alikuwa amelifunika, nilijua tu kwamba amekaribia kwa sababu nilisikia anavyopumua.

"Uliumia lini?"

"Mei."

"Hii ni Septemba. Mei mpaka sasa ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia nilikuwa naandika barua.

Hakuuliza barua gani. Alizima taa, akavuta kiti, akasema kwamba wiki zile za mwanzo wangeweza kuokoa sehemu, pengine kubwa, na kwamba sasa kostiki imeshamaliza kazi yake. Jicho la kushoto halitaona tena.

Mdogo wako